Barbara Jordan, Wakili wa Houston

Barbara Jordan, binti wa mhubiri wa Kibaptisti, aliyezaliwa Houston katika jimbo la Texas tarehe 21 Februari 1936, aghalabu hukumbukwa kwa sauti yake nzito yenye taadhima. Wala sifa hiyo hatumnyimi, ila sauti hiyo hiyo, iliyokwisha kunolewa katika midahalo ya Chuo Kikuu cha Texas Southern, haikumfaa kitu katika chaguzi za 1962 na 1964.

Baada ya kuhitimu sheria Boston mwaka 1959 alirejea kwao, akaanza uwakili kwenye meza ya kulia chakula ya wazazi wake. Mara mbili aligombea Baraza la Wawakilishi la Texas, na mara mbili akashindwa, kwa kuwa kiti hicho kilipigiwa kura na kaunti nzima ya Harris, ambako Wazungu walikuwa wengi, na kura za mitaa ya watu weusi zilimezwa na wingi huo. Kisha Mahakama ya Juu ya Marekani ikahukumu, mwaka 1964, kwamba majimbo ya uchaguzi yagawanywe kwa kadiri ya idadi ya watu; mipaka ikachorwa upya; na kodi waliyotozwa wapiga kura, ambayo masikini wengi hawakuimudu, ikabatilishwa na mahakama mwaka 1966. Mwaka huo huo Jordan akachaguliwa kuingia Seneti ya Texas, mtu mweusi wa kwanza humo tangu 1883.

Wenzake 30, wengi wao wakiwa wahafidhina, aliwashinda kwa kuzijua kanuni za baraza kuliko wao, hata mwaka 1972 wakamfanya rais wa muda wa Seneti. Na tarehe 10 Juni, kwa mujibu wa ada ya jimbo kwa mwenye cheo hicho, akashika ugavana kwa siku moja. Baba yake, aliyehudhuria sherehe, aliugua ghafla siku hiyo, na kesho yake akafariki.

Kwenye Bunge la Marekani alichaguliwa mwishoni mwa mwaka huo, akawekwa katika Kamati ya Sheria kwa shufaa ya rais wa zamani Lyndon Johnson. Usiku wa 25 Julai 1974, kamati hiyo ilipokuwa ikijadili kumshtaki Rais Nixon ili aondolewe madarakani, mbele ya kamera za televisheni, alikumbusha kwamba Katiba ya 1787 haikumhesabu mtu kama yeye, na bado imani yake kwayo ni timamu. Kisha akayaweka maneno ya waasisi sambamba na matendo ya Rais Nixon, moja baada ya jingine, kama wakili apangavyo ushahidi. Nixon alijiuzulu tarehe 9 Agosti.

Wasimuliaji wengi hutua hapo, wakaongeza kwamba aliacha Bunge mwaka 1979 na kufundisha Austin, katika kiti cha magurudumu, mpaka mauti yalipomfika mwaka 1996. Mimi naitukuza zaidi kazi yake ya 1975, isiyokuwa na hotuba mashuhuri: Sheria ya Haki ya Kura, iliyowalinda wapiga kura weusi, ilipoongezewa muda, alipigania ienee mpaka Texas kwenyewe, na iwalinde pia wasemao Kihispania, wachapishiwe karatasi za kura kwa lugha yao. Wakuu wa jimbo lake walipinga. Yeye hakurudi nyuma, na sheria ikapita.