Belligerent: mgomvi, mwenye shari, aliye vitani

Kivumishi "belligerent" kina asili ya Kilatini, katika maneno yenye maana ya vita na kuendesha. Katika matumizi ya kawaida humweleza mtu aliye tayari kugombana, hata kama hajainua mkono. Dereva wa lori aliyekaa siku kadhaa kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma, akauliza kwa hasira sababu ya kucheleweshwa, ni "angry" tu. Akianza kutukana na kuwatunishia wenzake misuli, hapo "belligerent" hufaa: dereva mgomvi, madereva wagomvi, au watu wenye shari. Kwa sauti na maneno, "-a kichokozi" hukaa vizuri zaidi: kauli za kichokozi. Tofauti na "aggressive", ambalo wafanyabiashara hulitumia hata kwa kusifu, neno hili halina sifa ndani yake likielezea tabia.

Mfasiri ajihadhari hasa na maana ya kisheria, isiyojali tabia kabisa. Mwaka 1914 Mto Songwe ulikuwa mpaka kati ya koloni la Wajerumani na Nyasaland ya Waingereza. Vita vilipoanza, Ujerumani na Uingereza zote zilikuwa "belligerents", yaani nchi zilizo vitani. Ndivyo ilivyokuwa Ubelgiji pia, ingawa yenyewe ndiyo iliyovamiwa Agosti mwaka huo. Kuandika "nchi chokozi" hapo ni kumgeuza aliyevamiwa kuwa mvamizi. Ureno, mtawala wa Msumbiji, haikuhesabiwa katika kundi hilo hadi Machi 1916, Ujerumani ilipoitangazia vita.