Johnny Walker, kondakta aliyeigiza walevi

Badruddin Jamaluddin Kazi, maarufu katika filamu za Kihindi kwa jina la Johnny Walker, alizaliwa mjini Indore, katikati ya India, katika miaka ya 1920. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, familia ilihamia Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, na kijana akaanza kuhangaika kutafuta riziki ya nyumba nzima. Kati ya kazi nyingi alizozishika, iliyomjenga ni ukondakta wa mabasi ya jiji. Huku akikata tiketi aliwaigiza watu wa kila namna, na abiria walicheka mpaka wanashuka. Basi ndilo lililokuwa chuo chake cha uigizaji.

Balraj Sahni, muigizaji ambaye wakati huo alikuwa akiandika mswada wa filamu ya Baazi, alivutiwa naye na kumwelekeza kwa mwongozaji Guru Dutt. Badruddin alifika mbele ya mwongozaji akiwa anapepesuka, ulimi mzito, akijifanya mlevi, kumbe hakuwa ameonja hata tone. Alipata nafasi katika Baazi, iliyotoka mwaka 1951, na Guru Dutt akampa jina la wiski ya Uskochi. Aliyebebeshwa jina hilo hakuwa mnywaji. Ulevi wote uliowachekesha watazamaji kwa miongo kadhaa ulikuwa ni kazi ya macho makini, sauti nyembamba ya puani na miguu iliyojua kuyumba bila kuanguka.

Miaka ya 1950 ndiyo ilikuwa ya neema kwake. Alionekana katika Aar Paar (1954), na huko ndiko alikokutana na Noor, aliyekuja kuwa mke wake. Zikafuata Mr. & Mrs. '55 na C.I.D. (1956), ambamo yeye ni mchomoaji wa mifukoni anayeimba juu ya ugumu wa maisha ya Bombay. Wimbo huo, uliotungiwa muziki na O. P. Nayyar, haukupewa stelingi, kama watazamaji wa Afrika Mashariki wanavyomwita mhusika mkuu, bali ulipewa mchekeshaji. Mwimbaji Mohammed Rafi, aliyemwimbia mara nyingi, aliibadili sauti yake ifanane na ya Johnny Walker, hata msikilizaji wa redio aliweza kumwona mtu mwenyewe.

Kilele chake ni Pyaasa (1957). Humo ni Abdul Sattar, mkandaji wa vichwa anayezunguka mitaani na mafuta yake akijinadi kwa wimbo. Kwa haraka mtu angedhani amewekwa kupoza uchungu wa hadithi ya mshairi aliyekataliwa na dunia. Lakini ndugu wa mshairi wanapomkana na kumwacha afungiwe hospitali ya vichaa, ni Sattar anayemsaidia kutoroka. Guru Dutt aliuweka utu wa filamu nzima mikononi mwa mchekeshaji, na Johnny Walker aliubeba bila kuacha kuchekesha. Wachekeshaji wachache wa enzi ile waliaminiwa kiasi hicho.

Mwaka uliofuata aliigiza katika Madhumati ya Bimal Roy, ikampatia tuzo ya Filmfare ya muigizaji msaidizi bora. Shikar (1968) ikamletea nyingine, ya uchekeshaji. Wakati huo Guru Dutt, aliyempa jina, alikuwa ameshafariki, mwaka 1964. Katika Anand (1971), mgonjwa anayekaribia kufa huwaita watu asiowajua kwa jina la Murarilal kana kwamba ni marafiki wa zamani. Isabhai, yaani Johnny Walker, anaitika papo hapo na kuuendeleza mchezo, na urafiki wa kweli unazaliwa.

Baadaye vichekesho vya matusi na vya kudokeza mambo ya chumbani vilipozidi katika filamu, yeye, aliyejivunia mzaha ambao familia nzima ingeutazama pamoja, alipunguza kazi. Alirudi katika Chachi 420 (1997) ya Kamal Haasan, akiigiza mpambaji wa waigizaji, mzee mpenda chupa. Alifariki Mumbai tarehe 29 Julai 2003, akiwa ameshiriki katika filamu zipatazo 300.