Si shokapu ya tatu: Kifahamu kisawazishi cha Range Rover ya zamani

WAMILIKI wa magari ya zamani aina ya Range Rover wanapaswa kukitambua kifaa kimoja kilichofungwa katikati ya ekseli ya nyuma, kabla hawajamruhusu fundi kukikata au kukitupa.

Kwa umbo, kifaa hicho hufanana na shokapu nene, na ndiyo maana wengi hukidhania kuwa shokapu ya tatu. Kumbe ni kisawazishi cha kimo cha gari, kilichotengenezwa na kampuni ya Boge ya Ujerumani kwa jina la Hydromat.

Range Rover ilipoingia sokoni mwaka 1970, ilikuja na springi za koili katika magurudumu yote manne, tofauti na Land Rover za awali zilizotumia springi za vyuma bapa. Springi za nyuma zilifanywa laini ili abiria wasirushwerushwe, na kisawazishi kikapewa kazi ya kusaidia kubeba mzigo. Baadhi ya Land Rover 110, zilizoanza kutoka mwaka 1983, nazo zilifungwa kifaa hicho.

Shokapu za nyuma ni mbili, moja kila upande. Kisawazishi ni kimoja tu. Kimekaa mshazari, ncha ya juu ikishika chasisi na ya chini ikishika mkono wenye umbo la herufi A ulio juu ya ekseli. Ncha zote mbili huvikwa mipira ya kuzuia vumbi. Hakina waya wala bomba.

Gari linapopakiwa, nyuma hushuka. Likianza kwenda, mtikisiko wa barabara huendesha pampu ndogo iliyo ndani ya kifaa, nayo husukuma mafuta dhidi ya gesi hadi gari lirejee kimo chake.

Ili kukipima, gari hupakiwa mzigo na kuendeshwa kilomita 5 hivi katika barabara ya mawimbi. Nyuma isipoinuka, kifaa kimekufa na hubadilishwa kizima.

Hatari iko hapo. Gesi hiyo imegandamizwa kwa nguvu, hivyo ni mwiko kukitoboa, kukifumua au kukichomelea, hata kama kimekufa.

Anayeamua kukiondoa kabisa hana budi kufunga springi ngumu zaidi nyuma. Vinginevyo gari litakaa kitako kila likibeba mzigo.