Kutoka "He" Hadi "Yeye": Viwakilishi Vilivyokutana Nakuru

Vipange viwakilishi vya Kiingereza kwa herufi za mwanzo, utaona historia ya vita na ujirani. Fungu la h ndilo la wazee. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Waingereza walisema "he" kwa mwanamume, "heo" kwa mwanamke, "hit" kwa kitu na "hie" kwa wengi. Matamshi yalipokaribiana, "he" na "heo" zikaanza kugongana masikioni, na katika karne ya 12 "she" ikajitokeza kwenye maandishi. Wataalamu wangali wanabishana ilikotoka. "Hit" nayo ikadondosha h, ikabaki "it".

Fungu la th lina wenyeji na wageni. "Thou" na "thee" ni za nyumbani. "They", "them" na "their" zililetwa na Waskandinavia waliovamia kisha wakalowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Hili si jambo dogo. Lugha huazima majina ya vyakula na vyombo bila taabu, lakini ni nadra mno kuazima neno la kumtajia mtu nafsi yake. Hata hapo wageni waliingia mmoja mmoja: Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliandika "they" huku akishikilia "hem" na "hir" za kale. Ajabu ni kwamba waliokuja kuondoka ni wenyeji. Kufikia karne ya 17, "you" ya wengi na ya heshima ilikuwa imeisukuma "thou" nje ya mazungumzo ya kawaida.

Kiingereza hicho ndicho kilichokuja Nakuru, katika Kenya ya leo, pamoja na reli iliyofika huko mwaka 1900. Mkataba wa 1904 na Waingereza ukawaondoa Wamaasai kwenye malisho yao katika Bonde la Ufa ili walowezi wapate mashamba. Kisha Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo na Waluhya wakaja kuyalima. Afisa wa kikoloni A. C. Hollis aliandika kitabu kuhusu Wamaasai mwaka 1905 na kingine kuhusu Wanandi mwaka 1909, vyote vikiwa na sarufi. Humo zimo lugha mbili jirani zenye sauti zinazofanana na maana zinazopishana: kwa Mkalenjin, "inye" ni wewe, kwa Mmaasai, "ninye" ni yeye. Wakati huohuo Mkikuyu husema "inyuĩ" akiwakusudia nyinyi nyote. Miaka mingi ya kuoana, kupigana na kubadilishana ng'ombe haikuvivuruga viwakilishi hivyo.

Lakini lugha hizo zote zinakubaliana kwa jambo moja ambalo Kiingereza kinalikataa: nafsi ya tatu haibagui mwanamume na mwanamke. Hata Kimaasai, ambacho hutenga nomino za kiume kwa "ol" na za kike kwa "en", kinatosheka na "ninye" moja. Kiswahili kina "yeye" na kiambishi "a" tu.

Kwa hiyo mtoto wa Njoro au Molo, miji ya Kaunti ya Nakuru, anayeandika "my mother, he went to the market" si mzembe. Anafuata kanuni ya lugha zote alizozisikia tangu kuzaliwa, na mwalimu anayemchapa alama nyekundu bila kumweleza hivyo anamnyima haki yake. Walowezi nao waliyumba walipokigusa Kiswahili: katika Kisetla, yaani Kiswahili chao cha walowezi, waliviacha viambishi vya nafsi na kutanguliza "mimi" na "wewe" kila mahali, mara nyingi kwa amri. Hakuna aliyewanyima shamba kwa kosa hilo.

Tangu ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya 1976, sera ya Kenya inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha inayotawala eneo la shule. Katika mitaa ya Nakuru yenye watu wa kila kabila, lugha hiyo aghalabu huwa ni Kiswahili. Mwalimu wa darasa kama hilo anaweza kuandika ubaoni "yeye", "ninye", "we" ya Kikuyu na "ine" ya Kikalenjin kwenye safu moja, kisha "he" na "she" kando yake, kabla ya kusahihisha daftari hata moja.