Usikivu wa Kimaadili katika Uuguzi wa Wagonjwa wa Akili: Mtazamo kutoka Ilongero

Usikivu wa kimaadili, yaani uwezo wa kutambua kwamba jambo linaloonekana kuwa la kitabibu tu limebeba pia suala la haki, utu au madhara, ndio hatua ya kwanza katika mfumo wa hatua nne za mwenendo wa kimaadili uliofafanuliwa na mwanasaikolojia wa Marekani, James Rest, katika miaka ya 1980. Katika uuguzi, dhana hiyo ilikuzwa na mtafiti wa Sweden, Kim Lützén, aliyeanzia katika huduma za wagonjwa wa akili, ambako muuguzi hulazimika mara kwa mara kupunguza uhuru wa mgonjwa kwa hoja kwamba anamnufaisha. Maandishi mengi yaliyofuata yameuchukulia usikivu huo kuwa sifa ya mtu binafsi inayopimwa kwa hojaji. Mtazamo huo hautoshi, kwa kuwa muuguzi mwenye moyo mwema anaweza kupoteza usikivu wake pale ambapo mpangilio wa kazi haumpi nafasi ya kumsikia mgonjwa mwenyewe.

Ilongero, mji mdogo wa wakulima na wafugaji katika Wilaya ya Singida nchini Tanzania, unalidhihirisha jambo hilo. Katika maeneo ya vijijini kama haya, mgonjwa aliyezidiwa huletwa na ndugu zake, pengine akiwa amefungwa kamba, baada ya familia kuhangaika kwa waganga wa kienyeji au katika maombi. Rufaa ya mwisho ni Hospitali ya Mirembe, Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927, ambayo iko takriban kilomita 240 kutoka Singida mjini, na safari hiyo inadai nauli, msindikizaji na siku za kazi ya shamba. Si haki kuwalaumu ndugu hao, kwani wao ndio wanaobeba uuguzi wenyewe usiku na mchana. Hata hivyo, wao ndio pia wanaotoa historia ya ugonjwa, na ikiwa mgonjwa anazungumza Kinyaturu na muuguzi amepangiwa kazi kutoka mkoa mwingine, hao hao ndio wakalimani, kiasi kwamba faili hujaa maneno ya kila mtu isipokuwa ya mwenye faili.

Athari yake huonekana wazi katika sindano ya flufenazini, dawa ya kutuliza maradhi ya akili ambayo hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Dawa hiyo inaweza kukakamaza misuli, kutetemesha mikono na kumfanya mtu ashindwe kutulia alipo. Mgonjwa anaposema kwamba sindano inamkaza mwili, kisha akaikataa, kauli yake huchukuliwa kwa urahisi kuwa dalili ya kutojitambua, ilhali ni taarifa sahihi ya kitabibu inayodai dozi ipitiwe upya. Hapa maadili na ustadi wa tiba havitenganiki. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu, kwa masharti, mgonjwa kulazwa bila ridhaa yake, lakini ruhusa ya kumlaza si ruhusa ya kuacha kumsikiliza.

Ugumu huongezeka kwa mtu aliyekunywa sumu ya wadudu kwa nia ya kujiua. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinakifanya kitendo hicho kuwa kosa la jinai, hivyo mgonjwa ana sababu ya kuficha ukweli ambao muuguzi anauhitaji ili amtibu, huku ndugu wakiomba iandikwe kuwa ni ajali. Muuguzi asiyeuona mgongano huo ataandika atakachoambiwa na kumruhusu mgonjwa arudi nyumbani bila mtu yeyote kumuuliza kilichomsukuma.

Kwa hiyo mafunzo ya maadili pekee hayatoshi bila utaratibu unaoyashikilia. Kila faili la mgonjwa wa akili linapaswa kuwa na sehemu ya maneno yake mwenyewe, yaliyopatikana bila ndugu kuwapo inapowezekana, na kueleza nani alimfunga, kwa sababu gani, na lini alifunguliwa. Itasemwa kwamba wauguzi ni wachache na zamu ni ndefu, na hilo ni kweli. Lakini ni uchache huo huo unaofanya maandishi hayo kuwa ya lazima, kwa sababu muuguzi wa zamu ya usiku, akiwa peke yake mbele ya mgonjwa anayekataa sindano, hana njia nyingine ya kujua kwamba mchana mgonjwa huyo alikwisha kueleza sababu.