Meli: Safari ya Neno la Kiingereza hadi Mwambao wa Lituhi

Mhadhara huu unalifuata neno moja tu la Kiingereza, "mail", hadi Lituhi kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako, kama kwingineko katika Kiswahili, ni meli. Nimelichagua kwa sababu wapo wanafunzi, na hata wataalamu wenzangu, wanaoyahesabu maneno ya aina hii kuwa ni Kiingereza kilichoeleweka vibaya. Huuliza: barua zimegeukaje chombo cha majini? Hoja yangu ni kwamba hapakuwa na kosa la kuelewa. Palikuwa na uteuzi, na uteuzi huo ni ushahidi wa kihistoria.

Katika Kiingereza chenyewe neno hili halikuanza na barua. Lilitoka Kifaransa cha kale, likiwa na maana ya mfuko au mkoba wa safari. Mfuko wa kubebea barua ukaitwa hivyo, kisha barua zilizomo, kisha chombo kinachozisafirisha: gari la farasi lililoanza kupeleka barua kati ya Bristol na London mwaka 1784, na baadaye treni na vyombo vya baharini. Hata leo Mwingereza huziita "post" barua anazoletewa nyumbani, pale ambapo Mmarekani husema "mail", ilhali shirika linalomletea Mwingereza huyo linaitwa Royal Mail! Anayedai kwamba Waswahili waliipotosha maana yake hana budi kwanza kutuonyesha ni maana ipi.

Sasa tutazame pwani yetu. Kiswahili kilikuwa tayari na barua, neno lenye asili ya Kiarabu, wala hakikuhitaji jingine. Kilikuwa na jahazi na merikebu. Kilichokosekana ni jina la chombo kipya kisichosubiri kaskazi wala kusi. Mwaka 1872 kampuni ya British India Steam Navigation ilianzisha huduma ya kila mwezi ya kuleta barua Zanzibar kupitia Aden. Mwaka 1890 Wajerumani wakaunda kampuni yao, Deutsche Ost-Afrika Linie, nayo ikipewa ruzuku na serikali. Vyombo hivyo vilikuja kwa ratiba, na ratiba hiyo ilitokana na mikataba ya barua.

Kiswahili kilipokea majina mengine ya Kiingereza kwa vyombo vya wageni. Manowari ilikuwa merikebu ya vita, ile iliyowinda majahazi ya watumwa. Stima ilikuwa ile inayokwenda kwa mvuke. Meli ilikuwa ile inayotazamiwa. Wasemaji, basi, walivigawa vyombo kwa shughuli na kwa nguvu zilizoviendesha, mgawanyo ulio makini kuliko tunavyodhani. Stima baadaye iliingia nchi kavu, na nchini Kenya leo ndiyo umeme. Meli ilipanua maana yake majini, na kwa maoni yangu ilishinda kwa sababu ndiyo iliyogusa maisha ya watu kwa vipindi vinavyojulikana.

Kifonolojia hakuna la ajabu. Irabu pacha ya Kiingereza imekuwa e, na irabu i ikaongezwa mwishoni, sawa na reli. Tusiichanganye na maili ya kupimia umbali, ambayo ni neno jingine kabisa.

Ziwani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Stima ya kwanza, Ilala ya wamisheni wa Livingstonia, iliingia Ziwa Nyasa mwaka 1875 baada ya kufunguliwa vipandevipande na kubebwa na wapagazi kupita maporomoko ya mto Shire. Baadaye Wajerumani waliiweka ziwani Hermann von Wissmann. Tarehe 13 Agosti 1914, Gwendolen ya Waingereza, chini ya nahodha Rhoades, iliishambulia ikiwa imepandishwa pwani kwa matengenezo huko Sphinxhafen, ndiyo Liuli ya leo, kusini ya Lituhi. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alishangaa na kukasirika kupigwa mizinga na rafiki yake, kwani habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Mwanaisimu hawezi kuacha kutabasamu: chombo kilichobeba jina la barua kwa Kiswahili kilishambuliwa kwa kukosa barua.

Kwa vizazi vilivyofuata, katika vijiji vya kuanzia Itungi hadi Mbamba Bay, meli ilikuwa ndiyo barabara. Mv. Songea na Mv. Iringa zilipotia nanga mahali pasipo na gati, abiria na mizigo vilifuatwa kwa mitumbwi na boti. Kusema "meli haijaja" hakukuwa kutaja chombo pekee. Kulikuwa kusema kwamba chumvi itapanda bei, na kwamba mgonjwa atasubiri. Kamusi zetu, zilizotungwa zaidi kwa masikio ya pwani ya Bahari ya Hindi, hueleza ukubwa wa chombo na injini yake, lakini hazielezi ratiba hii iliyomo ndani ya neno. Nawasihi vijana wanaokusanya msamiati waende Lituhi, Manda na Liuli, wawasikilize wazee waliowahi kuisubiri meli usiku kucha ufukoni, maana matumizi hayo yanapungua kadiri barabara ya kutoka Kitai inavyoboreshwa.

Wakati huohuo, "mail" limetufikia mara ya pili. Wataalamu wametupatia barua pepe, nayo imekubalika vizuri, lakini katika mazungumzo vijana wengi husema imeli. Safari hii neno limekuja na barua zake, bila chombo.