Lugha ya Dola na Hofu ya Utasa: Historia ya Uzazi wa Mpango Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita, 1959–2022

Historia ya uzazi wa mpango nchini Tanzania aghalabu huandikwa kama historia ya sera: nani alianzisha huduma, lini Serikali iliridhia, na wanawake wangapi walizitumia. Insha hii inadai kuwa kwa Shinyanga na Geita mtazamo huo hautoshi. Kilichobadilika mara kwa mara ni kauli ya dola kuhusu idadi ya watoto. Kilichodumu ni haja ya mwanamke ya kuzaa, kulea na kubaki hai baada ya kujifungua.

Wakati wa ukoloni, watawala waliohitaji nguvukazi walihofia uchache wa Waafrika kuliko wingi wao. Huduma kwa wajawazito Usukumani zilitolewa kwa sehemu na wamishenari, kama katika hospitali ya Kolandoto. Mwaka 1959 kilianzishwa Dar es Salaam chama ambacho baadaye kiliitwa Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania (UMATI). Mwaka 1969, akiwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo, Mwalimu Nyerere alihimiza wazazi wazingatie uwezo wao wa kulea. Kuanzia mwaka 1974 huduma hizo ziliunganishwa na kliniki za mama na mtoto. Istilahi ya "uzazi wa majira", iliyotumika sambamba na "uzazi wa mpango", ilibeba maana ya kuchagua wakati wa kuzaa, si ya kuacha kuzaa.

Mkazo ulihama baada ya Mpango wa Taifa wa Uzazi wa Mpango wa mwaka 1989 na Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu ya mwaka 1992, ambapo ongezeko la watu lilitazamwa kama suala la uchumi. Utafiti wa Denise Roth Allen, uliofanyika mkoani Shinyanga na kuchapishwa mwaka 2002, ulibainisha pengo lililojitokeza. Mijadala ya kimataifa iliona hatari katika kuzaa mno. Wanawake wa vijijini walihofia pia kukosa watoto. Katika jamii ambamo mahari hulipwa kwa ng'ombe na hadhi ya mke hutegemea uzao, hofu hiyo haikuwa ujinga. Sindano ya miezi mitatu huweza kuvuruga hedhi na kuchelewesha mimba kwa miezi kadhaa baada ya kuachwa. Watoa huduma huyaita mabadiliko ya aina hii "maudhi madogo madogo"; kwa mke aliyesubiriwa azae, hayakuwa madogo hata kidogo.

Ukanda wa dhahabu uliongeza ugumu wa aina nyingine. Zahanati hupangwa kwa kijiji, lakini wachimbaji wadogo huhama kila fununu ya dhahabu inapozuka. Mwanamke anayeponda mawe au kuuza chakula machimboni anaweza kuanza sindano kwenye kituo kimoja na tarehe ya kurudi ikamkuta kwingine. Zaidi ya hayo, zebaki inayotumika kukamatia dhahabu huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mkoa wa Geita, ulioundwa mwaka 2012 ukiwa na watu 1,739,530, ulihesabiwa kuwa na watu 2,977,608 mwaka 2022. Uhamiaji na uzazi vyote vina sehemu katika ongezeko hilo.

Ni katika eneo hilihili dola ilipogeuza kauli yake. Mwezi Septemba 2018, akiwa Meatu, wilaya iliyokuwa ya Shinyanga kabla ya kuundwa kwa Simiyu, Rais Magufuli aliwataka wananchi waachane na uzazi wa mpango. Matangazo ya huduma hiyo yakasitishwa kwa agizo la Wizara ya Afya. Mwaka 2019, akiwa Chato, aliurudia msimamo huo. Huduma zenyewe hazikufutwa. Hata hivyo, mhudumu wa zahanati alibaki akitoa dawa ambayo kiongozi mkuu wa nchi alikuwa ameikemea hadharani.

Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, ulifuata njia tofauti. Simu ya bure humuunganisha mjamzito mwenye dharura na gari la wagonjwa au, likikosekana, dereva wa kawaida anayelipwa kwa simu. Mfumo huo hauulizi mama ana watoto wangapi. Kitaifa, makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 104 katika ule wa mwaka 2022, ingawa ushahidi huo hauruhusu kuupa mpango mmoja sifa yote.

Kwa hiyo, matumizi madogo ya njia za kisasa Usukumani hayaelezeki kwa mila peke yake. Mwanamke aliyeambiwa na dola moja apunguze, kisha aongeze, alikuwa na sababu ya kihistoria ya kusitasita. Huduma itakayoaminika ni ile itakayoulinda uwezo wake wa kuzaa kwa bidii ileile inayomwezesha kupumzika.